Pombe Niliyoionja Mimi Kwanza

Simu ilipoita nilikuwa nimekaa uani kwangu Kasulu nachambua maharage ya mbegu, kazi ambayo mke wangu hunipa akichoka kunisikiliza. Namba sikuijua. Sauti niliijua kabla haijamaliza kunisalimu, ingawa kwa zaidi ya miaka arobaini haikuwa imeniita jina. Misibani tulikuwa tukipeana mikono tu na kupishana. "Fideli," alisema, "ni Spesioza, wa Kibondo. Mjukuu wangu Neema anaposwa Jumamosi ya wiki ijayo. Mzee hayupo tena, na wanangu hawajui kusema mbele za watu. Nataka wewe ndiye utupokelee wageni." Nikamwambia Kibondo wasemaji wamejaa, vijana wenye vipaza sauti na suti za kukodi. "Nawajua," alisema. "Nakutaka wewe." Kisha akauliza habari za mvua na za maharage, kama mtu yeyote anayeongea na shemeji yake. Na kweli mimi ni shemeji yake, kwa maana huyo mzee aliyefariki mwaka juzi, Venansi, alikuwa mtoto wa baba yangu mkubwa. Nilipokata simu mke wangu aliuliza kuna nini, nikamwambia naitwa Kibondo kusema kwenye posa. "Basi nenda kaseme, Mwalimu," akasema. "Kusema ndiyo kazi pekee unayoiweza." Alinitania tu, hajui lolote. Nimelala naye kitanda kimoja tangu ujana wetu na jambo hili sijawahi kumsimulia, na sasa naona haya kwamba nalianza kwenye karatasi kabla ya kulianza kwake.

Mwaka wenyewe ni ule niliomaliza kidato cha nne, enzi zile sabuni ilipatikana kwa bahati na sukari kwa kujuana. Habari za ukoo wetu wapo wanaozibishania vilabuni mpaka leo, mimi siziwezi. Inatosha niseme kwamba baba yangu na Mwami, chifu wetu, walinyonya ziwa moja. Nilipelekwa ibwami, ndivyo sisi Waha tunavyopaita nyumbani kwa Mwami, nisikae bure wakati nasubiri matokeo ya mtihani. Serikali ilikuwa imeshauondoa uchifu miaka mingi, na Mwami alikuwa raia kama sisi, kadi ya chama mfukoni na jembe nyuma ya mlango, ila hakuna aliyekuwa amewaambia watu waache kupiga magoti. Wakifika kwenye ua wa mianzi walivua viatu, wakapiga makofi matatu ya taratibu, wakasubiri. Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo na bati lililoanza kushika kutu, juu ya kilima ambacho ukisimama uani uliona moshi wa majiko ya Makere. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vinne, redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na ngoma kubwa iliyolazwa kifudifudi, kwa kuwa ngoma ya mwami asiyetawala haisimamishwi. Nyuma ya hicho palikuwa na chumba cha chakula cha Mwami peke yake. Mwami hakuonekana akila. Mkewe alipeleka ugali wa muhogo na mgebuka wa kukausha, akarudishia mlango, nasi tuliokaa huku mbele tulijifanya hatumsikii akitema miiba.

Kazi yangu ilikuwa kumsomea barua na gazeti. Lakini msemaji wa ibwami, mzee aliyekwenda na pombe kwenye posa za ukoo wote tangu enzi za wakoloni, alikuwa amekufa mwaka ule ule, na Mwami akaamua ulimi wangu wa shule utafaa. Jioni alinikalisha barazani akanifundisha. Alinifundisha kutokimbiza maneno, kunyamaza pale watu wanapotaka uendelee, kumsifu mwenye nyumba kupitia ng'ombe wake na migomba yake na siyo uso kwa uso. Na alinifundisha masharti mawili ambayo nimeyabeba mpaka leo. La kwanza, msemaji haposi kwa jina la mtu. "Kijana ana mwili," Mwami alisema. "Anaweza kufa kesho, anaweza kulewa leo. Nyumba haifi. Nyumba ndiyo inayoomba." Kwa hiyo jina la mwenye kuoa halitajwi mpaka binti aitwe, aulizwe kama pombe inywewe au irudi, na akishaitika na kunywa, ndipo mkwe anaonyeshwa. La pili, msemaji huonja kwanza, kwa mrija, mbele za watu wote, ili wenyeji waone hakuna kibaya ndani ya mtungi. Nilishika haraka. Watu walianza kunikonyeza njiani wakiniita mdomo wa ibwami, nami, Mungu anisamehe, nilipenda sana.

Spesioza alikuja kila baada ya siku moja kutoka bondeni. Baba yake, mzee Barandereka, alivuka mpaka na familia yake kutoka Burundi mwaka wa mauaji, na Mwami akampa shamba kando ya kijito bila kumwandikia karatasi yoyote. Binti yake alikuja kumsaidia mke wa Mwami kusukasuka maziwa. Alikaa kwenye kichumba nyuma ya jiko, kibuyu juu ya mapaja, akikitikisa kwa mwendo ule ule mmoja mpaka siagi ijitenge, na chumba kizima kilinuka mtindi na moshi. Mimi nilikaa juu ya gunia la maharage nikisingizia kufanya mazoezi ya kusoma gazeti kwa sauti. "Unasoma kama padri anayeogopa chakula kitapoa," aliniambia siku ya kwanza. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kirundi, kikipanda pale chetu kinaposhuka, na aliponicheka hakusimamisha kibuyu. Wanawake jikoni walituona kabla sisi wenyewe hatujajiona. Nilimsikia mmoja akisema nyuma ya ukuta, "Siagi ya siku hizi inachelewa," na mwenzake akajibu, "Inasikiliza habari za Dar es Salaam." Nilimpenda. Naandika neno hilo wazi kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba ulikuwa utoto.

Tulisemezana kijitoni, mahali anapochota maji, mchana kweupe, watu wakipita. Nilimwambia maharage yakishavunwa nitazungumza na Mwami, kisha nitakuja kwao na pombe. Akauliza nani atanisemea, maana mwenye kuoa hukaa kimya nyuma karibu na mlango, na msemaji wa ibwami alikuwa kaburini. "Nitajisemea mwenyewe," nikamwambia. "Hakuna msemaji mwingine. Na kwa kuwa nyumba ndiyo inayoomba, nani atashangaa?" Alicheka akaweka ndoo chini. "Basi hotuba yako usiirefushe," alisema. "Mimi nitakuwa chumba cha ndani. Nikisikia tu sauti yako, nitasema tunywe kabla hujamaliza."

Maharage yalikuwa bado hayajakauka vizuri Mwami aliponiwahi. Nilikuwa chumba cha mbele nakunja gazeti, na yeye ndani anakula, mkewe kasimama mlangoni. Kwenye nyumba ile kuta za ndani zilikuwa za matete yaliyokandikwa udongo nusu tu. Nilimsikia mama mwenye nyumba akisema mwanawe Venansi amerudi tena kutoka Kigoma mjini amelewa, na bila mke hatatulia. Mwami akatema mwiba. "Yule wa maziwa," alisema. "Mikono yake ni mizuri, na baba yake hatatukatalia." Mama akauliza kama mtoto mwenyewe atataka. Mwami akaomba maji. Nilikaa pale na gazeti langu. Alipotoka akanikuta, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema, "Fideli, kazi yako ya kwanza imefika. Utatusemea kwa Barandereka, kwa ajili ya Venansi." Na mimi nikapiga magoti nikasema, "Ego, Mwami." Ego kwetu ni ndiyo. Ilitoka kirahisi kuliko salamu.

Zilipita wiki tatu, nami niliacha kwenda kwenye kile kichumba cha maziwa. Nilimsikia Spesioza akiuliza jikoni, "Msomaji anaumwa?" na wanawake wakamjibu kwa kicheko kwamba msomaji anajifunza hotuba, ajiandae. Bila shaka alirudi kwao anaimba. Ningeweza kwenda kijitoni siku yoyote kati ya zile nikamwambia maneno matano. Ningeweza kumwendea Venansi, ambaye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mlevi mwenye aibu, na naamini angeniachia akaenda zake Kigoma. Ningeweza kumwambia Mwami, angenifukuza, basi. Badala yake nilijitungia mpango wa mtu mwoga. Nilijiambia nitasema vibaya. Nitachanganya majina ya ng'ombe, nitamsahau mama wa binti, mzee Barandereka ataona amedharauliwa, atarudisha pombe, na hakuna atakayejua kwamba nilikusudia. Nililala usingizi mzuri kwa mpango huo.

Siku ikafika. Tulishuka bondeni watu kumi na mmoja, mitungi miwili ya pombe ya ndizi imefunikwa majani, Venansi katikati ya wabebaji kama ilivyo desturi, amevaa shati la kaka yake. Sebule ya Barandereka ilikuwa ndogo, imepakwa udongo mweupe wa juzi, viti vimeazimwa kanisani. Wageni walikaa huku, wenyeji kule, wengine madirishani. Nikasimama. Neno la kwanza nililisema chini chini, kama nilivyopanga, na wazee wa upande wa pili wakainamisha vichwa wasikie. Ndipo nikasikia ule utulivu. Sijui nieleze vipi. Watu arobaini wamenyamaza wakikusubiri wewe, na una miaka ishirini. Nikataja ng'ombe wa Barandereka waliobaki ng'ambo ya mpaka, mmoja mmoja, majina ambayo Spesioza mwenyewe alinifundisha juu ya gunia la maharage, na yule mzee akafunika macho kwa mkono. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Nikaendelea. Sijawahi kusema vizuri vile tena, si darasani, si kanisani, si kwenye jeneza la baba yangu. Nilipomaliza, Barandereka akasema kwamba nyumba inayokumbuka ng'ombe zake haiwezi kuikosea damu yake. Kisha nikainama nikaonja kwa mrija mbele yao wote. Pombe ilikuwa tamu, haikuwa na kibaya chochote ndani.

Akaitwa. Alitoka chumba cha ndani amejifunga kitenge kipya, mikono inang'aa siagi, na alikuwa anatabasamu kabla hajafika mlangoni. Hakuangalia nyuma kwa wabebaji. Aliniangalia mimi, niliyekuwa nimesimama na mrija mkononi. "Mwana wanje," baba yake alianza, yaani mwanangu kwa Kirundi, "hawa watu wa ibwami wameleta pombe. Tunywe au—" "Tunywe," akasema. Watu wakaangua kicheko kwa haraka yake, mama yake akamfinya kidogo. Mrija ulikuwa kwangu; msemaji ndiye anayempa binti. Pale, katikati ya kicheko, nilikuwa na muda. Sikuhitaji ujasiri mwingi, nilihitaji kuuachia mrija udondoke tu. Nikamkabidhi. Alikunywa akiniangalia juu ya mdomo wa mtungi. Barandereka akanywa baada yake, akafuta midomo, akasema, "Sasa tuonyesheni mkwe wetu," na kule nyuma, karibu na mlango, Venansi akasimama.

Spesioza alimtazama, akanitazama, akamtazama tena. Kisha aliuweka mrija mtungini polepole, akihakikisha umesimama wima, akaenda akapiga magoti mbele ya Venansi akampa mikono miwili kama binti aliyelelewa. Vigelegele vikapigwa. Alikuwa amekunywa mbele za watu wote. Kuitema pombe ya ibwami ilikuwa ni kumtoa baba yake kwenye shamba lisilo na karatasi, na yeye alikuwa ameshahama nchi mara moja akiwa mtoto, amebebwa mgongoni. Alilipima hilo kwa hatua nne, kutoka kwenye mtungi hadi mlangoni.

Nilimkuta kijitoni siku ya pili yake, au niseme alinikuta, maana aliningoja. Hakulia. "Nataka kujua kitu kimoja tu," alisema. "Ulijua kwamba sijui?" Swali lilikuwa jepesi, na jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia, "Nilidhani unajua. Nilidhani wanawake wa jikoni wamekwambia." Akatwishwa ndoo na mtoto wa jirani, akaondoka. Matokeo yalipotoka nilikuwa wa kwanza kufungasha, nikaenda chuo cha ualimu, nikawa mwalimu, nikaoa, nikazaa, nikastaafu. Wao walihamia Kibondo, Venansi akapata ukarani, Spesioza akauza mahindi na mchele sokoni, wakapata watoto watano. Watu wanasema waliishi vizuri. Watu husema mengi. Mara moja niliwahi kulala nyumba moja nao, msiba wa Mwami ulipotukutanisha, na usiku kucha nilisikiliza ukuta kama zamani. Nilimsikia Venansi akikohoa, na mkewe akimwambia kwa upole ageukie upande wa pili. Huo upole ulinichoma kuliko ambavyo ugomvi ungenichoma.

Ijumaa nilipanda basi. Siku hizi ni lami, ukifumba macho umefika, lakini pale Makere nilifumbua nikatafuta kile kilima. Bati limeezuliwa, kumebaki migomba. Jumamosi mchana nyumba ya Spesioza ilijaa mpaka barabarani, maturubai, kreti za soda, na katikati ya yote mtungi mmoja wa pombe ya ndizi kwa heshima ya mila. Alinikalisha kando yake. Amekonda, mikono ni ile ile. Msemaji wa wageni alikuwa kijana mwenye kipaza sauti, alisema haraka haraka ila alisema vizuri, na desturi aliijua: nyumba imetumwa, nyumba imeona ua zuri, nyumba inaomba. Akaonja, akanikabidhi mrija. Ikawa zamu yangu, na nilichotakiwa kufanya ni kumwita binti.

"Kabla hajaitwa," nikasema, "anayeoa ni nani?" Watu wakadhani natania. Kijana akacheka kwenye kipaza sauti. "Babu, sisi tumetumwa na nyumba." Nikamwambia nyumba nimeisikia, lakini nyumba hailali kitanda kimoja na mtu, mwenyewe asimame, aje hapa mbele, ajitaje kwa mdomo wake. Mzee mmoja wa upande wetu akanivuta koti. "Mwalimu, sivyo inavyokwenda," alininong'oneza. Nikamwambia najua inavyokwenda. Nyuma kabisa, karibu na mlango, kijana mrefu akainuka akaja mbele akijikunakuna kichwa, akasema anaitwa Eliya na anafundisha shule ya msingi. Ndipo nikamwita Neema, nikamsimamisha ana kwa ana naye. "Unamjua huyu?" "Namjua, babu." "Ndiye uliyekuwa unamsubiri?" Akainama kwa aibu, akasema ndiye. "Na pombe yake tuinywe, au irudi?" "Tuinywe," akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika.

Vigelegele vilipopanda Spesioza aliinamia sikio langu. "Kumbe ulikuwa unajua kuuliza," alisema. Jibu la zamani lilikuja lenyewe mdomoni, limekaa tayari miaka yote ile: nilidhani unajua. Nikalimeza. "Nilikuwa najua," nikamwambia. "Na siku ile nilijua kwamba hujui. Ulipouliza kijitoni nilikudanganya."

Aliwatazama watoto wakifungua soda. "Hilo ndilo nililokuitia," alisema. Akauchukua mrija mkononi mwangu, akanywa taratibu. Kwa desturi, mrija ukitoka kwake ulikuwa uje kwangu, msemaji wake. Akainuka na mtungi akampelekea Neema.